KUNUNUA MTUMBA AU KUKODI: TUHESABU SIKU ZA KUSIMAMA



Wiki hii twapenda kusema neno juu ya jambo ambalo halisemwi sana majukwaani wala halipigiwi makofi, lakini ndilo liamualo kama mwananchi mdogo atakula jasho lake au jasho lake litaliwa na wengine. Jambo lenyewe ni mashine. Mtu au kikundi kinapotaka kufanya kazi ya kuzalisha mali, na fedha za kununua mashine mpya hazipo, njia zilizo mbele yake ni mbili: anunue mashine iliyokwisha kutumika na mwingine, au akodi mashine ya mwingine na kuilipia kila mwezi. Ipi ni bora?

Swali hili tumeletewa kwa barua na kikundi cha wakulima wa alizeti wa mkoa wa Dodoma. Wao ni watu kumi na wawili, wanawake saba na wanaume watano. Kwa miaka minne wameweka akiba kidogo kidogo, na sasa wana shilingi 6,000,000. Mpaka leo huuza alizeti yao ikiwa mbegu, tena wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini. Kisha baada ya miezi michache huenda dukani kununua mafuta kwa bei ya juu. Wamechoka. Wataka kukamua wenyewe.

Mtu mmoja wa mjini yuko tayari kuwauzia mashine ya mtumba kwa shilingi 5,000,000. Kampuni moja nayo iko tayari kuwakodisha mashine mpya kwa shilingi 300,000 kila mwezi, mkataba wa miaka miwili, pamoja na amana ya shilingi 800,000 itakayorudishwa mwisho wa mkataba ikiwa mashine haikuharibiwa. Kikundi kimegawanyika nusu kwa nusu. Wengine wasema, "Tununue, kitu chetu kiwe chetu." Wengine wasema, "Tukodi, mtumba utatuzika." Katibu wao atuomba tuwaamulie.

Kuamua ni kwao, maana fedha ni zao. Lakini kutoa maoni ni kazi ya gazeti, nasi hatutayaficha.

Wasemao "tununue" wana hoja yenye nguvu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mtu aliyekodi mashine ni mpangaji katika kazi yake mwenyewe. Kila asubuhi aamkapo, kabla hajapata ya uji wa watoto, deni la kodi limekwisha kuamka kabla yake. Akilipa miaka miwili bila kukosa hata mwezi mmoja, mwisho wa mkataba hurudisha mashine kwa mwenyewe na kubaki mikono mitupu. Vijana wetu wa bodaboda walijua jambo hili zamani, nao wakalipa majina mawili. Yuko anayeendesha kwa "hesabu", yaani kila jioni hupeleka fedha kwa tajiri, na pikipiki haitakuwa yake hata akiiendesha miaka kumi. Yuko anayeendesha kwa "mkataba", yaani hupeleka fedha kila siku kwa muda uliopatanwa, na muda ukiisha pikipiki ni yake. Kijana yeyote wa kijiweni atakwambia tofauti ya wawili hao, wala hakusomea chuo cha biashara.

Lakini wasemao "tukodi" nao hawakosei. Kama nguo ya kuazima haisitiri, basi hata nguo yako mwenyewe iliyotatuka haisitiri. Mtu kuitwa mwenye mashine si faida ikiwa mashine yenyewe imelala sakafuni na fundi amekwenda kutafuta kipuri ambacho hakiuzwi tena. Mali iliyokufa haimtukuzi mwenye nayo.

Basi twaona kwamba pande zote mbili zina haki, na mabishano ya namna hii hayawezi kumalizwa kwa maneno. Yatamalizwa kwa mifano na kwa hesabu. Tuanze na mifano, nayo tunayo miwili hapa hapa nchini, mmoja wa kununua mtumba na mmoja wa kukodi.

Mfano wa kwanza uko karibu sana na ndugu zetu waliotuandikia. Ni Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ilianza Mpango wa Karanga. Ilikusudiwa kufyekwa na kulimwa eneo la zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, kwa kuwa viwanda vya dunia vilikuwa vimetoka vitani. Basi wakubwa wale wakanunua mitumba. Matrekta na mabuldoza yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Ufilipino yakaletwa Dar es Salaam, na vifaru vya vita vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kwa macho ilikuwa fahari kubwa. Lakini mashine zile zilikuwa zimechoka kabla hazijafika. Nyingi zilikufa katika miezi ya mwanzo, vipuri vyake havikupatikana, mafundi wa kuzijua walikuwa wachache, na ardhi ya Kongwa, ambayo kiangazi huwa ngumu kama sementi, ikazivunja zilizobaki. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Tusimwonee mtumba. Mpango ule haukufa kwa matrekta peke yake: mvua ilikuwa haba, ardhi haikupimwa sawasawa, na wenyeji walioijua ardhi hiyo hawakuulizwa. Lakini twaomba kila mwenye kutaka kununua mtumba akumbuke jambo moja. Waliokosea Kongwa walikuwa na wahandisi, wahasibu na hazina ya dola kubwa. Waliitazama bei ya kununua, wasitazame mashine itafanya kazi siku ngapi na itasimama siku ngapi. Kosa lile lile, likifanywa na watu kumi na wawili wenye shilingi milioni sita, halina hazina ya kulifidia.

Mfano wa pili ni wa kukodi. Mwaka 2007 Shirika letu la Ndege lilikodi ndege moja kubwa ya aina ya Airbus A320 kwa mkataba wa miaka sita, kwa kodi ya dola 370,000 kila mwezi. Ndege ile iliruka kwa miezi michache tu. Kisha ikapelekwa ng'ambo kwa matengenezo makubwa, ikakaa huko. Lakini mkataba haukukaa, wala kodi haikupumzika. Mwezi ulipokwisha ilidaiwa, ndege iwe angani au iwe karakana. Mwisho wake nchi ikabaki na deni la mamilioni ya dola kwa ajili ya ndege ambayo abiria wetu karibu hawakuipanda.

Tazama sasa, ndugu msomaji. Kongwa walinunua mtumba wakaumia. Shirika la Ndege lilikodi likaumia. Mmoja alikuwa mwenye mali na mwingine mpangaji, na wote wawili waliuawa na ugonjwa mmoja: mashine iliyosimama huku gharama inatembea. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Swali la kwanza si "ninunue au nikodi?" Swali la kwanza ni hili: siku mashine itakaposimama, nani atakayeumia, na kwa siku ngapi?

Tuingie sasa katika hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Twaomba kila mwenye kalamu aandike nasi.

Ndugu zetu watueleza kwamba alizeti ya kukamua huipata kwa miezi sita hivi kila mwaka, tangu mavuno mpaka mbegu zinapokwisha vijijini. Tuseme mashine itafanya kazi siku 20 kila mwezi; hizo ni siku 120 kwa mwaka. Kwa makadirio yao wenyewe, siku moja ya kazi, baada ya kulipa mbegu, umeme na vibarua, yaweza kuacha shilingi 40,000. Siku 120 zitaacha shilingi 4,800,000. Katika fedha hiyo ndimo itakamotoka gharama ya mashine, na kitakachobaki ndicho chao.

Wakikodi, kodi ya mwezi ni shilingi 300,000, na kwa miezi 12 ni shilingi 3,600,000. Itabaki kwao shilingi 1,200,000, yaani shilingi 100,000 kwa kila mwanakikundi kwa mwaka mzima. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Mashine itafanya kazi miezi sita, lakini kodi itakwenda miezi kumi na miwili. Maana yake, kila mwezi wa kazi waulipia shilingi 600,000. Nusu ya kodi ni ya mashine iliyofunikwa turubai.

Wakinunua mtumba, bei ni shilingi 5,000,000. Lakini bei si mwisho wa fedha. Kuna gari la kuibeba na kazi ya kuifunga, tuseme shilingi 400,000. Na matengenezo ya mwanzo, ambayo mtumba haukosi, shilingi 600,000. Jumla shilingi 6,000,000. Tuseme itadumu miaka mitatu, kila mwaka ikila shilingi 800,000 za ufundi, na mwisho wataiuza kwa shilingi 1,500,000. Chukua 6,000,000, ongeza 2,400,000, toa 1,500,000, inabaki 6,900,000. Gawa kwa miaka mitatu: shilingi 2,300,000 kwa mwaka. Itabaki kwao shilingi 2,500,000. Ni zaidi ya mara mbili ya faida ya kukodi.

Hapo upande wa "tununue" utapiga vigelegele. Twawaomba wangoje kidogo, maana hesabu hiyo inadhani kwamba mtumba hautasimama hata siku moja katika siku 120. Nani aliyewahi kuona mtumba wa namna hiyo?

Tofauti ya kukodi na kununua ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Kila siku moja mashine inaposimama katika msimu, kikundi kinapoteza shilingi 40,000. Gawa 1,300,000 kwa 40,000. Utapata siku 32 na nusu. Mabishano yote ya kikundi hiki yamo ndani ya siku hizo thelathini na mbili. Ikiwa mtumba ule utasimama siku kumi au kumi na tano kwa msimu, kununua ni bora. Ikiwa utasimama siku arobaini kwa kungoja kipuri kutoka Dar es Salaam au ng'ambo, basi kukodi ni bora, hata kama roho inauma kulipa kodi. Hiyo ndiyo mizani, nayo haina upendeleo. Kila kikundi kiweke tarakimu zake chenyewe, kiwe cha kushona, cha kusaga nafaka, cha kuoka mikate au cha kupiga fotokopi, kitapata siku zake.

Lakini hata mizani hiyo haijatosha, kwa sababu kuna kitu cha tatu ambacho barua ya ndugu zetu haikukitaja. Wakitoa shilingi 6,000,000 kwa ajili ya mtumba, watanunua mbegu kwa nini? Akiba yao yote itakuwa imegeuka chuma. Mashine ya kukamua isiyo na mbegu ni kama jiko lisilo na unga. Watalazimika ama kukamua mbegu za watu wengine kwa ujira mdogo, ama kukopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ambayo twaijua sote. Kikundi kingi hakifi kwa kukosa mashine. Hufa kwa kutia senti ya mwisho katika mashine. Wakikodi, wakitoa amana ya shilingi 800,000, watabaki na shilingi 5,200,000 za kununulia mbegu wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini. Na faida ya kazi hii, kama wanavyojua wenyewe, huanzia katika kununua mbegu kwa wakati wake.

Sasa twatoa maoni yetu.

Kwanza, kikundi kirudi kwa kampuni ile kikaombe mkataba wa msimu badala ya mkataba wa miaka miwili. Kikubali hata kodi ipande. Tuseme mwenye mashine ataka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa miezi sita tu. Jumla ni shilingi 2,400,000. Hiyo yakaribia sana gharama ya mtumba, nayo haina hatari ya mtumba. Wengi hupigania kupunguziwa shilingi ishirini elfu katika kodi ya mwezi, na huku wanasaini kulipia miezi sita ambayo hawatafanya kazi. Katika mkataba wa kukodi, idadi ya miezi ni kubwa kuliko bei ya mwezi.

Pili, kabla ya kutia sahihi, waulize maswali haya, na majibu yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Mashine ikiharibika yenyewe, nani atakayetengeneza, na kwa muda wa siku ngapi? Siku zile ikiwa mbovu, je, kodi inasimama? Ikiibwa au ikiungua, hasara ni ya nani, na bima inalipwa na nani? Mwisho wa mkataba, je, tunaweza kuinunua, na kwa bei gani? Wajue kwamba kuna kukodi kwa namna mbili. Kuna kukodi ambako mwenye mali hubaki na mzigo wa mali yake, akaitengeneza na kuitunza. Na kuna kukodi ambako mzigo wote wamwangukia mkodi kana kwamba ameinunua, na kodi huenda hata mashine ikifa. Namna hii ya pili si haramu. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2008 juu ya ukodishaji wa kifedha. Lakini ikiwa mzigo wote ni wako, haki yako ni kwamba mwisho wake mali iwe yako, kama kijana wa bodaboda mwenye mkataba. Kubeba mzigo wa mwenye mali na kulipa kodi ya mpangaji kwa wakati mmoja ni kunyonywa, wala hakuna jina jingine.

Barua ya ndugu zetu yasema kwamba mkataba walioonyeshwa "haukueleza" nani atatengeneza mashine. Mkataba usioeleza, umeeleza. Siku ya ubovu utaambiwa ni wewe.

Na mkataba huo uandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu. Ikiwa hakimu aweza kutoa hukumu kwa Kiswahili, hapana sababu mkulima wa Dodoma awekewe mbele yake kurasa kumi za Kiingereza na kuambiwa, "Weka dole gumba hapa." Anayeogopa kukuandikia kwa lugha unayoielewa ana jambo lake.

Tatu, ikiwa kampuni itakataa mkataba wa msimu na itakataa kodi isimame wakati wa ubovu, basi wasitie sahihi. Warudi kwenye mtumba, lakini wasinunue peke yao na wasinunue sasa. Wakati wa kununua mashine ya kukamua si mwanzo wa msimu, kila mtu anapoitaka. Ni mwisho wa msimu, mwenye nayo anapotaka fedha. Na waungane na kikundi cha jirani, ili kila upande utoe nusu, nusu nyingine ya akiba ibaki ya mbegu.

Historia yetu imejaa mafunzo ya kuungana namna hiyo. Wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa, ambao vyama vyao viliungana mwaka 1955 katika Victoria Federation of Co-operative Unions, walianza kwa kudai mizani ya haki. Hawakuishia kwenye mizani. Baadaye wakaanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba, jambo ambalo mkulima mmoja mmoja asingeliweza hata angeliishi miaka mia mbili. Waliweza kwa sababu mbili: fedha zilitoka kwa wengi, na pamba ya kulisha vinu ilitoka kwa hao hao waliotoa fedha. Lakini tuseme kweli yote, maana gazeti lisemalo nusu ya kweli halifai. Miaka ya baadaye vinu vingi vya ushirika vilikaa kimya, mitambo ikashika kutu, madeni yakapanda. Kumiliki bila kutunza, na bila mali ya kutosha ya kupitisha katika mashine, hakukuwaokoa hata wale walioungana.

Nne, kwa yeyote atakayenunua mtumba, afuate kanuni hizi. Asinunue mashine iliyolala. Aione ikifanya kazi, tena aende na gunia lake mwenyewe la mbegu, aikamulishe saa nzima mpaka chuma kishike moto, maana ubovu mwingi hujificha katika ubaridi. Aipime mafuta yanayotoka katika gunia hilo. Afungue atazame parafujo kubwa la kukamulia. Likiwa limelika, mafuta yatabaki katika mashudu na faida itakwenda kulisha ng'ombe wa watu. Aulize kama mota imewahi kuungua na kusukwa upya. Aulize kama mashine yataka umeme wa njia tatu, na kama laini iliyofika kwake ni ya njia tatu, au sivyo atanunua mashine na kuikalia. Achukue fundi wake na amlipe yeye. Fundi aliyelipwa na muuzaji huona kila kitu kizuri. Aende dukani kabla ya kulipa, akaulize bei ya beringi na mikanda ya mashine ile. Ikiwa duka la mkoani halina, hizo ndizo siku arobaini tulizozisema. Na mwisho adai risiti na hati ya mauziano, ahakikishe mashine haikuwekwa rehani mahali pengine, asije akanunua kesi.

Tena, asione haya kuuliza. Shirika la Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa mwaka 1973 kwa kazi hii ya kuwasaidia wenye viwanda vidogo, na lina ofisi mikoani. Kumwuliza mtaalamu nusu saa ni rahisi kuliko kumwuliza wakili mwaka mzima.

Wako watakaosema kwamba gazeti limeshughulika na jambo dogo, mashine moja ya watu kumi na wawili. Twajibu kwamba uhuru wa uchumi wa nchi haukai katika makabrasha ya wizara tu. Unakaa pia katika kibanda cha fundi cherehani anayejiuliza kama anunue cherehani kuukuu ya Singer au akodi ya umeme. Fundi huyo akikosea, na mwoka mikate akikosea, na mkamua mafuta akikosea, makosa madogo elfu mia moja yanakuwa umaskini wa taifa. Wakihesabu sawasawa, hesabu ndogo elfu mia moja zinakuwa utajiri wake. Hapana mtu wa kutoka nje atakayetuhesabia kwa faida yetu.

Kwa ndugu zetu wa Dodoma twasema hivi. Msimu huu kodini, ikiwa mtapata mkataba wa msimu wenye maandishi ya haki. Nunueni mbegu mapema kwa fedha zilizobaki. Wekeni daftari moja, na kila jioni mwandike mambo matatu: gunia ngapi zimekamuliwa, lita ngapi zimetoka, na saa ngapi mashine imesimama na kwa sababu gani. Msimu ukiisha, fungueni daftari mbele ya wote kumi na wawili. Litawaambia kama kijijini kwenu kuna kazi ya kutosha kulisha mashine yenu wenyewe. Likisema ipo, nunueni, nasi tutafurahi pamoja nanyi. Likisema haipo, mtakuwa mmejua kwa gharama ya msimu mmoja, bila kupoteza akiba ya miaka minne.

Na wale sita waliosema "kitu chetu kiwe chetu" wasione wameshindwa. Shabaha yao ni ya haki, nayo isiachwe. Mwenye kukodi leo ili anunue kesho si mpangaji wa milele. Ni mtu anayejifunza njia kabla ya kujenga nyumba. Ila asisahau kwamba anakwenda kununua. Kila faida itakapopatikana, sehemu moja itengwe kwa ajili ya mashine yao, iwekwe benki kwa jina la kikundi, isiguswe kwa sherehe wala kwa mkopo wa mjumbe.

Twangoja barua yao ya pili, baada ya msimu, pamoja na hesabu za daftari. Wakipenda, tutazichapa, zipate kuwafaa na wengine.